Kongani ya Biashara Ukingoni mwa Delta: Suala la Ruaruke na Uchumi wa Kibiti

Kongani ya biashara, kwa maana inayotumika katika uchambuzi huu, ni eneo la ardhi lililopimwa na kuwekewa barabara, umeme, maji na ulinzi wa pamoja, kisha likagawanywa kwa wafanyabiashara na wenye viwanda kwa njia ya upangaji au ubia, kwa matarajio kwamba kukaa kwao jirani kutapunguza gharama ambazo kila mmoja angezibeba peke yake. Jina hilo limeenea sana nchini Tanzania tangu katikati ya muongo wa 2010, hasa katika Mkoa wa Pwani, ambako Zegereni na Kwala huko Kibaha zimekuwa mfano unaotajwa katika karibu kila mkutano wa uwekezaji. Swali linalochunguzwa hapa ni jembamba zaidi, nalo ni iwapo chombo hicho kinaweza kufaa mahali kama Ruaruke, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyo kando ya delta ya Rufiji, ambako hakuna reli, bandari kubwa wala soko la watu wengi, lakini kuna mazao na samaki wanaopita kila msimu na kuondoka wakiwa ghafi.

Wazo la kuinua mji kwa kukusanya biashara mahali pamoja lina nasaba mbili zisizopatana sana. Ya kwanza inaanzia kwa mchumi Mwingereza Alfred Marshall, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu kanuni za uchumi alieleza kwa nini viwanda vya aina moja hujikusanya katika mji mmoja: mafundi hupatikana kwa urahisi, wauzaji wa malighafi na vipuri hufungua maduka karibu, na ujuzi wa kazi huenea kutoka karakana moja hadi nyingine bila mtu kuulipia. Marshall alikuwa akieleza kitu kilichokwisha kuota chenyewe. Nasaba ya pili ni ya mchumi Mfaransa François Perroux, aliyeandika mwaka 1955 kuhusu vitovu vya ukuaji, yaani shughuli kubwa chache zinazovuta nyingine nyuma yake. Wafuasi wake katika serikali nyingi waliligeuza wazo hilo kuwa agizo, wakaamini kwamba kitovu kinaweza kupandwa popote anapoonyesha mpangaji kwenye ramani. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa Tanzania, ulioanza mwaka 1969, uliteua miji tisa ya namna hiyo: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Morogoro, Dodoma, Mbeya na Mtwara. Kati ya Dar es Salaam na Mtwara hapakuwa na mji hata mmoja katika orodha hiyo, na ukanda mzima wa Mkuranga, Rufiji na Kilwa ukabaki kuhesabiwa kuwa nchi ya kupita.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilijaribu kusimama katikati ya mawazo hayo mawili. Lilijenga mitaa ya viwanda katika miji ya mikoa, na kwa msaada wa Sweden likaendesha mpango wa viwanda dada, ambamo kampuni ndogo za Sweden zilifundisha kampuni changa za Tanzania kutengeneza bidhaa za aina ileile. Mpango huo ulizaa mafundi wa kweli, lakini viwanda vyake vingi vilitegemea malighafi na vipuri kutoka nje, hivyo uhaba wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliviumiza vibaya. Kilichokosekana hakikuwa majengo wala watu, kwa kuwa vyote viwili vilikuwapo, bali mtiririko wa vitu vya kufanyia kazi. Tofauti hiyo kati ya uwezo uliojengwa na mtiririko unaoulisha ndiyo inayopaswa kushikwa mkononi na yeyote anayetaka kupima suala la Ruaruke.

Ruaruke iko upande wa kaskazini wa delta, kwenye nchi iliyoinuka, mashariki ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi inayopita Kibiti, mji ulio takriban kilomita 140 kutoka Dar es Salaam. Mbele yake, kuelekea bahari, nchi inashuka na kuwa mito midogo, visiwa vya matope na mikoko. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulioshikana wa takriban hekta 53,000, ambao ni mkubwa kuliko mwingine wowote katika Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 imo ndani ya eneo la Rufiji–Mafia–Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu. Wandengereko na majirani zao wa nchi kavu hulima korosho, minazi, machungwa, maembe na mihogo, ilhali watu wa deltani, Wanyagatwa miongoni mwao, hulima mpunga kwenye mashamba yanayotegemea mafuriko na huvua kamba, kaa na samaki. Wanawake wa pande zote mbili husuka ukili na kushona mikeka, kazi ambayo takwimu za uchumi huisahau kwa sababu haina mnada wala kituo cha ushuru chenye jina.

Mpaka huo kati ya maji na nchi kavu ndio mtaji wa Ruaruke. Kabla ya barabara, delta haikuwa pembezoni hata kidogo: boriti za mikoko zilipakiwa huko katika majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi hadi Arabuni na Ghuba, kwa karne nyingi, na miji ya bandari isiyo na miti ilijenga mapaa yake kwa miti hiyo. Biashara hiyo ilifungwa kwa sababu za hifadhi, na uhusiano wa delta na dunia ukageuka ukaelekea Dar es Salaam, kwanza kwa mashua, baadaye kwa malori. Mwandishi anayeiita sehemu hii nchi isiyo na biashara hajasoma historia yake. Biashara ilikuwapo siku zote, ila thamani yake iliongezwa kwingine.

Historia ya karibuni ya Rufiji imejaa mipango mikubwa kuliko bidhaa iliyokusudiwa kuihudumia, na mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni wa korosho. Tanzania iliuza karibu tani 145,000 za korosho ghafi katika msimu wa 1973/74, na kwa kutazama kilele hicho serikali ilikopa fedha, sehemu kubwa kutoka Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua korosho katika mikoa ya kusini na pwani, kimojawapo Kibaha. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani zisizofikia 17,000. Sababu zake zinajulikana. Operesheni za kuhamishia watu vijijini, ambazo Rufiji zilianza mapema, baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ziliwatenga wakulima na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho, ulienea katika mashamba yaliyoachwa bila kupaliliwa. Viwanda vingine havikuwahi kubangua kwa uwezo wake wote hata kwa msimu mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba viwanda vilivyokosa korosho vilijengwa wakati uleule ambao sera nyingine ya serikali hiyohiyo ilikuwa inawaondoa watu chini ya miti.

Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha RUBADA, iliundwa mwaka 1975 ili kusimamia umeme, umwagiliaji na kilimo katika bonde zima, ikavunjwa mwaka 2017, na katika miongo hiyo minne ilipokea wawekezaji wa mpunga, miwa na mafuta ya mimea ambao wengi wao hawakufika hatua ya kuvuna. Mtafiti wa Norway Kjell Havnevik, aliyeifanyia Rufiji utafiti wa miaka mingi na kuuchapisha katika kitabu cha mwaka 1993, aliiona wilaya hiyo kuwa kielelezo cha mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu. Hukumu hiyo ni kali, lakini mradi wa kamba uliofuata uliithibitisha kwa namna ambayo hata mwandishi wake pengine hakuitarajia.

Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa kampuni ya African Fishing wa kufuga kamba kwenye mabwawa ya maelfu ya hekta ndani ya delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Kwenye karatasi mradi ulikuwa na kila kitu ambacho kongani ya leo hujinadi nacho: ajira, kiwanda cha kusindika, mauzo ya nje na fedha za kigeni. Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu, kwa hoja kwamba mabwawa yangechukua mashamba yao ya mpunga na kukata mikoko ambamo vifaranga wa kamba hukulia, na mradi haukujengwa. Wakazi hao hawakuikataa biashara ya kamba, kwa kuwa walikuwa ndani yake tayari: sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji ya Rufiji. Walichokataa ni kubadilishwa kutoka wavuvi wanaouza kuwa vibarua wanaolipwa, katika ardhi ambayo awali ilikuwa yao. Mpangaji wa kongani ya Ruaruke atakutana na kumbukumbu hiyo kabla hajakutana na mtu yeyote.

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji mahali ambapo magari yalikuwa yakisubiri pantoni ya Ndundu, ni jaribio jingine ambalo halikupangwa kuwa jaribio. Barabara ilirahisishwa, mikoa ya Lindi na Mtwara ikakaribia Dar es Salaam, na bidhaa ya kwanza kuitikia ilikuwa magogo. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha jinsi uvunaji wa mbao ulivyopamba moto katika ukanda huo, jinsi sehemu kubwa mno ya mrabaha, yaani malipo ambayo serikali hustahili kwa kila mti unaokatwa, ilivyopotea, na jinsi vijiji vyenye misitu vilivyopata kiasi kidogo sana cha bei iliyolipwa bandarini. Kurahisisha usafiri peke yake, basi, hakuinui mji mdogo. Huongeza kasi ya kitu kilichokuwa kikitokea, na kama kilichokuwa kikitokea ni mali kuondoka ghafi, huondoka upesi zaidi. Miji ya kando ya pantoni huwa na bahati ya wasafiri wanaolazimika kusubiri, na daraja huiondolea bahati hiyo kwa siku moja.

Kwa upande wa viwanda vikubwa hali si ngumu kuieleza. Mwenye kiwanda anayetafuta ardhi ya bei nafuu karibu na bandari ya Dar es Salaam, akija kwa barabara ya kusini, hufika Mkuranga kwanza, na huko hupata umbali mfupi, wafanyakazi wengi na gesi asilia, kwa kuwa bomba la gesi la kutoka Mtwara lililozinduliwa mwaka 2015 linapita ukanda huo. Kiwanda cha vigae cha Goodwill kilijengwa Mkuranga kwa mantiki hiyo. Bomba hilo linapita Kibiti pia, lakini kupitiwa na bomba si sawa na kulitumia, na hakuna sababu ya wazi ya mwenye kiwanda kuongeza kilomita karibu mia moja ili apate kile alichokwisha kukipata. Kwala nayo ina reli na bandari kavu iliyozinduliwa mwaka 2025. Kibiti haiwezi kushindana na maeneo hayo kwa bei ya viwanja, na Ruaruke haiwezi kabisa. Halmashauri itakayopima ekari mia kadhaa, ikachonga barabara na kusubiri wawekezaji, itakuwa imerudia historia ya viwanda vya korosho kwa gharama ndogo zaidi.

Iwapo nafasi ipo, basi iko katika kushika mtiririko uliopo kwa muda mrefu kidogo kabla haujaondoka. Kamba wa delta huvuliwa kwa wingi msimu wa mvua za masika na miezi ya jirani, na ndani ya msimu wenyewe uvuvi hupanda wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na kulegea wakati wa maji mafu. Kamba akikaa juani saa chache bila barafu hushuka daraja, na mvuvi asiye na barafu hana uwezo wa kukataa bei. Barafu ndiyo inayomfunga mvuvi kwa tajiri, yaani mfanyabiashara anayetoa nyavu, injini au mkopo wa chakula kwa sharti la kuuziwa samaki wote kwa bei atakayoitaja yeye. Tajiri huja dikoni, yaani mahali boti zinaposhusha samaki, na masanduku yake ya barafu kutoka mbali, na anayemiliki barafu huwa ndiye anayeamua bei. Si haki kumwona tajiri kuwa mnyonyaji tu, kwani hubeba hatari ambazo benki hazizigusi, zikiwamo boti kuzama na msimu kukosa kamba. Hata hivyo mtambo wa barafu unaouzia kila mtu kwa bei moja iliyobandikwa mlangoni ungebadilisha mazungumzo kati ya watu hao wawili kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Korosho ina utegemezi wa namna hiyo, ingawa unaitwa kwa majina mengine. Mkulima anayehitaji fedha kabla ya mavuno huuza zao likiwa bado mtini au kwa kipimo kisicho rasmi, biashara inayoitwa kangomba au chomachoma na inayopigwa marufuku kila mwaka bila kwisha. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kuikata: mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, hupewa hati inayothibitisha uzito na daraja lake, na mzigo huuzwa kwa mnada ghalani. Mfumo huo umeongeza uwazi wa bei, lakini kwa vikundi vidogo vya kubangua umeleta tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha, kwa kuwa mnada huuza kwa shehena kubwa na kikundi cha wanawake ishirini hakiwezi kushindana na mnunuzi anayejaza makontena ya kwenda India au Vietnam. Matokeo yake ni kwamba wilaya inayolima korosho inaweza kukosa korosho ya kubangua. Kongani yoyote ya Kibiti ambayo haitapata kwanza utaratibu wa kutengewa sehemu ya mzigo kwa wabanguaji wa ndani itakuwa na mashine na meza, lakini haitakuwa na kazi.

Hapo ndipo kalenda inapoanza kuzungumza. Korosho za Pwani huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka, maembe huiva karibu na wakati huo, kamba hupanda baada ya mwaka mpya na kuendelea wakati wa masika, mpunga na ufuta hufuata, na machungwa huja mvua zikiisha. Ghala, mzani uliokaguliwa, sakafu safi ya kuanikia, chumba cha baridi, maji ya bomba na fundi wa kutengeneza injini za boti ni vitu ambavyo kila zao huvihitaji kwa miezi michache tu, na hakuna zao hata moja linaloweza kuvilipia kwa mwaka mzima. Mazao yote yakiwekwa pamoja yanaweza. Hoja ya Marshall ya ujirani ilihusu viwanda vya aina moja. Katika Ruaruke ujirani wenye faida ni wa kazi za aina mbalimbali zinazopokezana misimu, na hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko nyingine zote ya kuwa na eneo moja la pamoja badala ya miradi mitano iliyotawanyika chini ya wafadhili watano.

Kenya imejaribu kitu kinachokaribiana na hilo. Mwaka 2023 serikali yake ilianzisha mpango wa kujenga katika kila kaunti eneo la kukusanyia mazao na kuyasindika, kwa bajeti ya shilingi milioni 500 za Kenya kwa kila moja, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti yenyewe. Kutanguliza ukusanyaji mbele ya kiwanda ni uamuzi wa busara, kwa kuwa unakiri kwamba mkulima mdogo hashindwi kwa kukosa mashine bali kwa kukosa wingi. Udhaifu uko kwenye usawa wa fedha: kaunti ya visiwa na kaunti inayopakana na Nairobi hazina mahitaji yanayofanana, na kiasi kimoja kwa wote ni dalili kwamba jengo limepangwa kabla ya kuulizwa litapitisha nini. Konza, mji wa teknolojia uliobuniwa nchini humo mwaka 2008 na kuzinduliwa mwaka 2013, unaonyesha upande mwingine, yaani muda ambao eneo lisilo na mtiririko wa awali huhitaji kabla ya kujaa hata pale serikali inapoendelea kulilipia.

Mfano wa mbali unaofaa kutajwa ni Shannon, magharibi mwa Ireland, ambako eneo huru la biashara lilianzishwa mwaka 1959 kwa sababu ndege mpya za jeti zilikuwa zinaweza kuvuka Atlantiki bila kutua hapo kujaza mafuta. Shannon ilifanikiwa, na mafanikio yake yalinakiliwa na nchi nyingi, lakini wanaonakili husahau kwamba uwanja wa ndege, njia za kurukia na wafanyakazi waliozoea mizigo vilikuwapo tayari; kilichobuniwa kilikuwa namna ya kuzuia kitu kilichopo kisife. Maeneo huru ya Tanzania, yaliyowekewa sheria mwaka 2002 na 2006 na ambayo sasa yako chini ya Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi iliyoundwa mwaka 2025, yamefuata zaidi upande wa misamaha ya kodi. Misamaha hiyo haina maana kubwa kwa mchuuzi wa kamba au kikundi cha mikeka, ambao shida yao haikuwa kodi ya mapato.

Ardhi inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiko miradi mingi ya Rufiji ilikofia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla ili apewe mwekezaji, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa ikiwa eneo halizidi hekta 250, na likizidi hapo uamuzi hupanda hadi kwa waziri baada ya maoni ya kijiji. Ardhi iliyokwisha kuhamishwa hairudi kuwa ya kijiji kwa urahisi, hata mwekezaji akishindwa. Eneo la huduma za pamoja la aina iliyoelezwa hapo juu halihitaji zaidi ya hekta chache, hivyo hakuna ulazima wa kuhamisha chochote: kijiji kinaweza kubaki mwenye ardhi, kikapangisha, na kupokea kodi ya pango kila mwaka. Wapimaji wengi huona utaratibu huo kuwa mgumu kwa sababu benki hupenda hati ya kawaida kuliko hakimiliki ya kimila. Ugumu huo ni wa kweli, lakini ni mdogo kuliko ule wa kueleza kwa wazee wa delta kwa nini safari hii ahadi ni tofauti.

Usalama wa watu na wa mali ni suala ambalo ripoti za uwekezaji hupendelea kulipitia kwa sentensi moja. Mauaji yaliyotikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga kati ya mwaka 2015 na 2017, ambayo waathirika wake walikuwa viongozi wa vijiji na askari polisi, yalisababisha kuundwa kwa mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji na kuzuiwa kwa pikipiki usiku kwa kipindi fulani. Kwa biashara ya kamba zuio hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa maji hayasubiri asubuhi na mzigo wa dikoni husafirishwa usiku ili ukwepe jua. Hali imetulia, ila wanunuzi wana kumbukumbu, na eneo lenye taa, uzio na daftari la mizigo linaloanza kazi alfajiri lina thamani hapa kuliko lingekuwa nayo Mkuranga.

Kuhusu mto, mambo mawili yameingiliana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na umeme wake huenda kwanza Chalinze kwa njia kuu ya msongo mkubwa. Ukaribu wa kijiografia hauipi Ruaruke chochote bila laini ndogo za kuaminika, na mtambo wa barafu hutaka umeme wa fezi tatu usiokatika usiku. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliathiri watu wengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga. Zaidi ya mafuriko ya mara moja, kudhibitiwa kwa maji na tope linaloshuka na mto kunaweza kubadilisha mpunga wa delta na makuzi ya kamba kwa njia ambazo zitaonekana baada ya miaka mingi. Uvuvi wa meli za kukokota kamba ulisimamishwa mwishoni mwa muongo wa 2000 kutokana na kupungua kwa kamba, jambo linalotosha kuonyesha kwamba mtiririko huu una kikomo. Majengo yanayotumikia zao moja tu mahali kama hapa ni kamari. Yanayoweza kugeuzwa kutoka kamba kwenda maembe, na kutoka korosho kwenda ufuta, yanavumilia zaidi.

Linabaki suala la mahali, na hapa utetezi wa Ruaruke unapaswa kuwa wa kiasi. Nyamisati, iliyo kwenye maji, ina gati lililojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari na kivuko cha MV Kilindoni kinachoiunganisha na Mafia, hivyo mtambo wa barafu na chumba cha baridi vina mantiki zaidi huko, karibu na boti. Kibiti, iliyo kwenye lami, inafaa ghala kuu, mnada, karakana kubwa na ofisi ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kuzifikia na kurudi siku hiyohiyo. Kongani moja yenye milango kadhaa, inayosimamiwa na chombo kimoja na kugawana mapato kwa makubaliano yaliyoandikwa, ingeendana na nchi ilivyo kuliko eneo moja lenye uzio. Ruaruke, katika mpango wa namna hiyo, ingechukua kazi zinazotegemea watu na miti zaidi ya maji na lami: mzani wa chama cha msingi, sakafu za kuanikia, kubangua korosho kwa mgawo uliohakikishwa, ukusanyaji wa machungwa na maembe, na ghala dogo la ukili na mikeka ambalo wasukaji wanaweza kuliwekea bei ya pamoja. Eneo la kazi hizo halingefika hata robo ya ardhi ambayo mipango ya zamani ilizoea kuitaka, na hesabu yake ya mwaka wa kwanza ingeweza kufanywa na karani wa kijiji kwa kuhesabu magunia yanayopita barabarani sasa hivi.